Mizizi Yenye Vifundo: Viumbe Vidogo vya Udongo Vinavyotusaidia Kupigana na Minyoo wa Mimea



Mara hii tuzungumze juu ya adui ambaye wengi wetu tumepata hasara kwa ajili yake bila hata kumjua jina. Adui huyu hali majani wala hatoboi matunda. Anakaa chini ya ardhi, na ni mdogo hata jicho halimwoni. Tena tuzungumze juu ya adui zake yeye, maana naye ana wanaomwinda, na wengi wao wako tayari katika mashamba yetu. Kazi yetu sisi ni kuwalisha na kuwatunza.

Lakini kwanza niwape kisa.

Kuna kikundi cha akina mama ambacho nimekuwa nikikitembelea kwa miaka mingi. Walikodi nusu ekari karibu na mto, wakakopa pesa katika mfuko wao wa kuwekeana akiba, wakapanda nyanya. Msimu wa kwanza walivuna vizuri, kila mmoja akafurahi. Msimu wa pili mavuno yakapungua. Msimu wa tatu nyanya zikadumaa, majani yakawa manjano, na jua likiwaka mimea inanyauka hata kama asubuhi ilimwagiliwa maji.

Wakaniuliza mimi. Nikawaambia ni mbolea haitoshi. Wakanunua mbolea ya dukani, hali ikabaki vile vile. Wakanunua dawa ya kunyunyizia majani, bado. Deni likawa linaongezeka. Basi watu wakaanza kunyosheana vidole. Mama mmoja mjane, ambaye mistari aliyopangiwa ndiyo iliharibika kwanza, akaanza kusemwa kwamba ana mkono mbaya. Wengine walisema maneno mabaya zaidi ya hayo. Akaacha kuja mikutanoni.

Siku moja afisa wa kilimo alipita. Akatazama shamba, akaniuliza, "Mama, mmewahi kuangalia chini?" Akachukua jembe, akachimba mche mmoja polepole, akautikisa udongo. Kumbe mizizi yote imefura, imejaa vifundo vifundo kama tangawizi. Akachimba wa pili na wa tatu. Ni hivyo hivyo. Karibu miezi mitatu mimi na wale akina mama tulikuwa tumetazama majani tu. Mama wa watu alikuwa amelaumiwa bure, na ushauri wangu ulikuwa umewaongezea deni.

Ndiyo maana naandika makala hii, ili kikundi kingine kisipitie njia hiyo.

ADUI HUYU NI NANI?

Wataalamu humwita nematodi. Sisi tutamwita mnyoo wa mizizi. Si yule mnyoo mkubwa mwekundu tunayemwona tukilima baada ya mvua. Yule ni rafiki, mwacheni. Huyu mwingine akitoka kwenye yai ana urefu wa chini ya nusu milimita, mwembamba kama uzi. Ziko aina nyingi sana za nematodi, na nyingi hazina ubaya wowote, tena nyingine husaidia kuozesha takataka. Wanaotutesa ni wachache, na mbaya zaidi kwa mboga ni hawa wa vifundo, ambao jina lao la kitaalamu ni Meloidogyne.

Si adui mpya. Mwaka 1855 kasisi mmoja wa Kianglikana huko Uingereza, Miles Joseph Berkeley, aliyependa sana kuchunguza mimea, aliandika juu ya vifundo alivyoviona kwenye mizizi ya matango.

Maisha ya mnyoo huyu ni hivi. Mtoto akitoka kwenye yai huogelea katika unyevu ulio kati ya chembe za udongo, akitafuta mzizi. Akiupata, huingia karibu na ncha yake, akakaa mahali pamoja. Hapo hutoa mate ambayo hufanya chembe za mzizi zikue kupita kiasi, nazo humlisha yeye. Hicho ndicho kifundo. Jike hunenepa, akawa na umbo kama peasi, hatoki tena. Hutaga mayai mia kadhaa ndani ya utelezi mzito kama jeli unaoyakinga na ukavu. Udongo ukiwa na joto, safari hiyo yote huchukua wiki tatu mpaka nne hivi. Sasa fikiria nyanya inakaa shambani miezi mingapi. Wajukuu na vitukuu wa mnyoo mmoja huzaliwa katika msimu mmoja tu.

Mmea nao unakuwa kama mtu ambaye koo limebanwa. Maji yapo na mbolea ipo, lakini havipandi juu. Tena vidonda vya mizizi hufungua mlango kwa magonjwa mengine, kama ule mnyauko wa bakteria.

Anapenda nyanya, biringanya, pilipili, viazi, karoti, bamia, matango, maharagwe, kabichi, na mboga zetu za kienyeji kama managu. Kwa nguvu zake mwenyewe hafiki mbali, labda mita moja hivi kwa msimu. Anayembeba ni sisi, kwa matope ya viatu na jembe, kwa maji ya mfereji yanayotiririka kutoka shamba hadi shamba, na zaidi ya yote kwa miche ya kununua.

JINSI YA KUMTAMBUA

Ukiona sehemu ya shamba mimea imedumaa kama kiraka, na mingine jirani iko sawa, usikimbilie duka. Chimba. Usivute mche kwa mkono, maana mizizi midogo itabaki ardhini. Chimba kwa jembe, ukung'ute udongo, osha mizizi kwa maji, uangalie.

Hapa kuna jambo moja la kuangalia sana. Maharagwe, kunde na njugu zina vifundo vyao vya heri. Hivyo hutengenezwa na bakteria wanaoletea mmea naitrojeni kutoka hewani. Utavitofautishaje? Kifundo cha heri kimeshikilia ubavuni mwa mzizi kama kishikizo cha shati. Ukikisugua kwa kidole kinabanduka, na ukikipasua ndani ni chekundu au rangi ya waridi. Kifundo cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki mpaka uuvunje.

Kama mnataka kukodi shamba jipya na hamjui udongo wake, fanyeni jaribio hili ambalo halina gharama. Chukueni udongo kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba, kina cha kiganja kimoja, mchanganye. Gaweni mara mbili. Nusu moja ipikeni kwa moto ikiwa na unyevu mpaka iive vizuri, kisha ipoe. Jazeni kila udongo katika mikebe yake, pandeni nyanya au matango, mwagilieni sawa sawa. Baada ya wiki tano au sita, ng'oeni muoshe mizizi. Udongo ambao haukupikwa ukiwa na vifundo na ule wa kupikwa hauna, mmepata jibu kabla ya kutoa pesa ya kukodi.

KWA NINI TUSINUNUE DAWA TU?

Swali hili huulizwa katika kila mkutano. Dawa kali za kuua minyoo zimekuwepo miaka mingi, na historia yake inatisha. Kulikuwa na moja iliyoitwa DBCP. Mwaka 1977 huko California, Marekani, iligunduliwa kwamba wanaume waliofanya kazi katika kiwanda cha dawa hiyo walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa. Vibarua wa mashamba ya ndizi katika Amerika ya Kati nao walipatwa na madhara hayo hayo. Nyingine ilikuwa gesi iitwayo methili bromaidi, ambayo ilitumika hata hapa Kenya katika mashamba makubwa ya maua. Ikaonekana inaharibu tabaka la hewa linalotukinga na mionzi mikali ya jua, na nchi zinazoendelea zikatakiwa kuacha kuitumia kwenye udongo wa mashamba kufikia mwaka 2015.

Tena kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni. Dawa inayosafisha udongo wote huua pia wale wanaomla mnyoo. Huwa haimalizi minyoo wote. Wachache waliojificha chini wakipanda juu wanakuta shamba halina askari hata mmoja, nao huzaliana kwa haraka kuliko mwanzo.

ASKARI WALIO UDONGONI

Sasa tuje kwa hao askari. Kijiko kimoja cha udongo wenye afya kina viumbe vidogo wasiohesabika, yaani bakteria na kuvu. Kuvu ni ndugu za ule ukungu unaoota kwenye mkate wa zamani. Kati yao kuna wanaoishi kwa kuwinda minyoo. Nitawaeleza wa namna nne.

Wa kwanza ni wategaji. Kuvu aina ya Arthrobotrys hutengeneza nyavu zenye gundi katika udongo. Mnyoo akigusa, ananasa, na kuvu inaingia mwilini mwake na kumla. Nyingine za jamii hii hutengeneza kitanzi kama cha kunasia sungura. Mnyoo akipitisha kichwa, kitanzi kinavimba na kumbana kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Wa pili ni wala mayai. Mwaka 1979 watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi huko Peru walieleza kuhusu kuvu waliyoikuta ndani ya mayai ya minyoo wa vifundo kwenye mizizi ya viazi. Wakati huo iliitwa Paecilomyces lilacinus. Tangu mwaka 2011 jina lake ni Purpureocillium lilacinum, na ndilo utakaloliona kwenye pakiti siku hizi. Kuvu nyingine ya kazi hiyo ni Pochonia chlamydosporia. Hii hukaa juu ya mizizi kama mgeni asiye na madhara, na jike la mnyoo likitaga nje ya mzizi, inayashambulia mayai.

Wa tatu ni bakteria aitwaye Pasteuria penetrans. Huyu hafukuzi wala hategi. Spora zake, yaani mbegu ndogo kuliko vumbi, hungoja udongoni miaka. Mnyoo akipita zinamganda mwilini kama magugu yanavyoganda kwenye sketi. Anaingia nazo katika mzizi, zinaota ndani yake, na badala ya kujaa mayai jike linajaa spora, milioni mbili hivi katika jike moja. Mzizi ukioza spora hizo zinamwagika udongoni kungoja wengine. Shida ni kwamba huyu anachagua sana. Spora za aina moja hazigandi kwa kila mnyoo, na kumzalisha kwa wingi ni kazi ngumu.

Wa nne ni walinzi wa mzizi. Kuvu aina ya Trichoderma, na bakteria kadhaa wa jamii ya Bacillus, hukaa kuzunguka mzizi, wakachukua nafasi mapema na kuusaidia mmea kujikinga. Trichoderma pia hushambulia mayai ya minyoo.

Kuna hata bakteria wa udongo ambaye sumu yake imekuwa dawa ya watu. Alipatikana huko Japani katika miaka ya 1970 na mtafiti Satoshi Omura. Kutokana na sumu hiyo ilitengenezwa ivamektini, dawa ya ugonjwa wa upofu wa mtoni, na mwaka 2015 Omura na mwenzake William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel. Ndugu ya dawa hiyo, abamektini, huua minyoo wa mimea. Hapa kwetu Kenya watafiti wa icipe pamoja na wenzao wameijaribu kwa kipimo kidogo sana ndani ya karatasi ya nyuzi za mgomba, wakifungia mbegu ya kiazi kabla ya kuipanda, na matokeo yake ni mazuri.

HAWAFANYI KAZI KAMA DAWA

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotupa pesa.

Mtu ananunua pakiti ya kuvu, anamwaga shambani, anarudi baada ya siku tatu kuangalia kama minyoo wamekufa. Haoni kitu, anasema ametapeliwa. Lakini alichonunua ni kiumbe hai. Ni kama amenunua kuku, akamfungia katika boma lisilo na chakula wala maji, halafu anauliza mayai yako wapi.

Tuone mambo matatu yaliyotokea mahali pengine.

Huko Uingereza kulikuwa na mnyoo mwingine, wa nafaka. Wakulima waliopanda nafaka mfululizo katika shamba moja walitazamia minyoo wazidi kila mwaka. Walizidi kwanza, halafu baada ya miaka kadhaa wakapungua wenyewe na wakabaki wachache. Watafiti wa kituo cha Rothamsted, akiwemo Brian Kerry, walionyesha kwamba kuvu mbili zilikuwa zimeongezeka udongoni na kula majike na mayai. Mojawapo ilikuwa hiyo Pochonia. Hakuna aliyezinunua. Funzo ni kwamba udongo unaweza kujijengea jeshi lake, lakini kwa miaka, na sisi wenye deni la kulipa hatuwezi kungoja tu.

Huko Hawaii mwaka 1937 mtafiti Linford aliandika kwamba alipochanganya udongo na majani ya mananasi yaliyokatwakatwa, minyoo wa vifundo walipungua. Alieleza hivi: takataka zikioza, nematodi wasio na madhara huongezeka, kuvu za kutega zinapata windo jingi, zinaongezeka, na zinamnasa mbaya pamoja na mwema. Baadaye ikajulikana pia kwamba takataka zinapooza hutoa vitu vinavyomdhuru mnyoo moja kwa moja. Kwa njia zote mbili funzo ni kwamba askari anataka chakula, na chakula chake ni samadi, mboji na majani.

Huko Kuba walichukua Pochonia wakaikuza juu ya punje za mchele, wakaitumia katika bustani za mboga. Hapo walizingatia jambo ambalo Kerry na wenzake walilionyesha. Kuvu hii hula mayai yaliyo nje ya mzizi tu. Mkipanda nyanya dhaifu katika udongo uliojaa minyoo, vifundo vinakuwa vikubwa mno na mayai yanabaki yamezikwa ndani, kuvu haiyafikii. Kwa hiyo ni lazima kwanza mpunguze minyoo kwa kubadilisha mazao, ndipo kuvu ifanye kazi. Mchunga mbwa mmoja hawezi kuwazuia fisi mia.

BASI SISI TUFANYE NINI?

Anzeni na kitalu. Mche wenye minyoo ni deni mnalopeleka shambani kwa mikono yenu. Udongo wa kitalu ni kidogo, kwa hiyo ni rahisi kuutunza. Wakati wa jua kali, laini udongo, umwagilie, ufunike na karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, uzike kingo zake pande zote, uache wiki nne mpaka sita. Joto litaua minyoo wengi. Pengine mnaweza kuupika ndani ya pipa. Lakini udongo uliopikwa ni nyumba tupu, na nyumba tupu huingiliwa na yeyote atakayefika kwanza. Kwa hiyo ukishapoa, changanyeni na mboji iliyoiva ili wenyeji wema wafike kwanza. Msinunue miche kwa mtu asiyekubali muoshe mzizi mmoja na kuutazama.

Lisheni udongo. Kila msimu wekeni samadi iliyooza au mboji, tena ya kutosha, si kiganja kimoja kwa shimo halafu mtegemee miujiza. Majani makavu yafunike udongo ili ubaki na unyevu na ubaridi. Askari hawa hufa udongo ukikauka na kuchomwa na jua. Kwa sababu hiyo hiyo acheni kuchoma masalio ya shamba. Mizizi yenye vifundo tu ndiyo ing'olewe mara baada ya kuvuna, ikaushwe juani na kuchomwa, kwa maana kila mzizi uliobaki ni maelfu ya mayai.

Badilisheni mazao. Baada ya nyanya msipande viazi, biringanya, pilipili wala managu, hao wote ni ukoo mmoja. Njugu karanga hazishambuliwi kwa kawaida na zile aina mbili za minyoo zilizo nyingi katika sehemu zetu za joto. Jamii ya marejea, ambayo mitoo ya watu wa magharibi ni ndugu yake, wengi wao huwanyima minyoo chakula, na hurutubisha udongo pia. Huko Tanzania katika miaka ya 1980 watawa wa Kibenediktini wa Peramiho walilihimiza sana zao hilo kama mbolea ya kijani. Lile gugu la harufu kali ambalo Wakikuyu huliita mubangi nalo mizizi ya jamii yake hutoa kitu kinachodhuru minyoo, lakini lazima liote kwa wingi likae miezi miwili au mitatu, si mashina mawili matatu pembeni. Mahindi msiyaamini sana. Huwa hayaonyeshi vifundo, lakini baadhi ya minyoo hula kwayo kimya kimya.

Tazameni mbegu. Pakiti nyingine za nyanya zina herufi VFN. Ile N inamaanisha aina hiyo inavumilia nematodi. Inasaidia, ingawa udongo ukipata joto kali uwezo huo hupungua.

Mkinunua kuvu, nunueni kwa akili. Siku hizi zinauzwa katika maduka ya pembejeo. Hakikisheni pakiti ina namba ya usajili ya bodi ya serikali ya dawa za mimea, PCPB, na tarehe ya mwisho haijapita. Ulizeni ilikuwa imewekwa wapi. Kama ilikaa dirishani juani, acheni. Iwekeni penye ubaridi. Itumieni jioni, udongo ukiwa na unyevu, kufuatana na lebo, na kwa kawaida huanzwa kwenye kitalu au kabla ya kupandikiza, kisha hurudiwa. Msiichanganye na dawa za kuua ukungu kama mankozebu, maana mtakuwa mmenunua askari na kumpiga risasi siku hiyo hiyo. Kama pesa ni kidogo, tumieni kwenye kitalu tu. Pakiti moja hutosha miche mingi.

Tena jikingeni. Kwa kuwa ni kiumbe cha asili watu hudhani ni kama maji. Ile Purpureocillium imewahi, ingawa ni mara chache, kuwaletea watu ugonjwa wa macho, au maambukizi kwa wale ambao kinga ya mwili wao ni dhaifu. Vaeni glavu, funikeni mdomo na pua, msiguse macho. Aliye mgonjwa au anayetumia dawa za kupunguza kinga asiichanganye yeye.

Osheni majembe na viatu mkitoka shamba bovu kwenda zuri. Anzeni kazi kwenye shamba zuri, mmalize na lile bovu.

WALE AKINA MAMA WALIFIKAJE?

Walikubaliana kuacha nyanya msimu mmoja mzima. Haikuwa rahisi, kwa sababu nyanya ndizo zilikuwa zilipe deni, na wanachama wawili waliondoka. Walipanda njugu sehemu moja na mitoo sehemu nyingine. Walichimba mashimo mawili ya mboji. Msimu uliofuata walirudisha nyanya katika theluthi moja ya shamba tu, kwa miche ya kitalu chao wenyewe, iliyotiwa kuvu.

Walipong'oa mimea baada ya kuvuna, vifundo bado vilikuwapo. Lazima niseme hivyo, nisije nikawadanganya. Lakini vilikuwa vichache na vidogo, na mimea ilikuwa imebeba matunda mpaka mwisho. Deni lililipwa, ingawa kwa kuchelewa karibu mwaka mzima. Minyoo hawajaisha na hawataisha. Wamepunguzwa mpaka shamba linaweza kuwavumilia.

Na yule mama mjane? Kabla ya kuanza msimu wa njugu tulimwendea nyumbani, mwenyekiti, katibu na mimi, tukiwa na mche mmoja wenye vifundo ndani ya mfuko. Tulimwonyesha, tukamwomba radhi. Alikaa kimya kitambo, akautazama mzizi, halafu akasema, "Kwa hiyo ni huyu." Leo yeye ndiye msimamizi wa mashimo ya mboji, na mtu akitia takataka za plastiki humo atamsikia.

Ndugu zangu, mkiona zao linanyauka, chimbeni kabla ya kununua dawa, na chimbeni kabla ya kumlaumu mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mazao gani katika kijiji chetu hudumaa au kunyauka mchana bila sababu inayojulikana? Tumewahi kuchimba na kuosha mizizi?

2. Miche yetu hutoka wapi? Nani kati yetu anaweza kusimamia kitalu cha kikundi?

3. Masalio ya shamba na samadi yetu huenda wapi sasa? Tunaweza kuanza shimo la mboji mwezi huu?

4. Tukiacha nyanya msimu mmoja, tutapanda nini ambacho kina soko au kinaliwa nyumbani? Wenye madeni tutawasaidiaje wakati huo?

5. Je, kuna mwenzetu aliyewahi kulaumiwa kwa hasara ambayo huenda ilitoka udongoni? Tumfanyie nini?

Mkifanya lile jaribio la mikebe, mwalikeni afisa wa kilimo wa wadi yenu siku ya kung'oa, atazame mizizi pamoja nanyi. Nawatakia kazi njema.